Siku Tuliyolaza Majembe

Jumatatu, 3 Machi

Zahanati, Rugu. Watoto wachanga wawili leo. Nimewafuta, nimewavika kofia, nimewaweka kifuani kwa mama zao. Miaka tisa kazi yangu ni hiyo: mtoto asipoe. Na Alhamisi wanampoza mume wangu kwa makusudi. Nimekunja vitambaa vilevile mara tatu.

Jumanne, 4 Machi

Daktari kanieleza tena kwa simu kutoka Dar. Mshipa mkuu wa damu wa mume wangu Projestus umevimba pale unapopinda juu ya moyo. Ukipasuka, basi. Ili wakate kipande kibovu na kushona bomba la kitambaa, damu lazima isimame kabisa. Kwa hiyo mashine itaipoza kwanza, hadi nyuzi kumi na nane. Mwili ukiwa baridi hivyo, ubongo na figo huhitaji hewa kidogo sana, hustahimili. Kama nusu saa. Kisha wanampasha joto polepole.

Nimeelewa. Sijakubali. Namwonea wivu shemeji Deusi aliye naye huko. Mimi nimebaki na watoto na zamu.

Jumatano, 5 Machi

Nimemweleza mama mkwe. Kosa langu. Nilieleza kama ninavyoeleza wanafunzi wa uuguzi, hatua kwa hatua. Alikuwa anachambua mbegu za maharage, akaacha.

"Mwili baridi, damu imesimama, moyo umesimama. Mwanangu, mtu huyo mnamwitaje?"

Nikasema mgonjwa. Akarudi kwenye maharage yake.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeomba ruhusa kazini. Saa nne asubuhi ujumbe wa Deusi: wameanza kumpoza. Nikamsomea mama. Akatoka, akalaza jembe lake mlangoni.

Huku kwetu mtu akifa hakuna anayelima mpaka azikwe. Jirani aliliona jembe, hakuuliza. Saa moja haikupita, majembe yamelala mtaa mzima, katikati ya msimu wa kupanda. Wanaume wakaleta kuni za moto wa matanga. Wanawake wakatandaza nyasi sebuleni, wakaketi. Wengine wanalia.

Nilipandwa na hasira. Nikawaambia yu hai, rudini mashambani. Wakanitazama kwa huruma, kama mjane aliyechanganyikiwa. Nikamgeukia mama awaambie yeye.

"Najua hajafa," akasema. "Lakini moyo wake umesimama. Nilime, na wa mwanangu umesimama?"

Wote walisikia. Hakuna aliyeondoka. Nikaketi nao kwenye nyasi, bado nimekasirika. Saa sita. Saa saba. Nimeng'ata kucha hadi damu.

Saa tisa kasoro: moyo umeanza kupiga. Mama akainuka, akaokota jembe. Mzee mmoja akasonya, akalalamika kwamba siku yake imepotea, huku anajifuta macho.

Ijumaa, 7 Machi

Hajaamka. Sijala. Nimemuuliza Deusi kuhusu mkojo mara nne. Upo. Figo zinafanya kazi, basi. Ubongo?

Jumamosi

Kafumbua macho. Kamwita Deusi kwa jina.

Jumapili, 9 Machi

Amepiga mwenyewe, sauti inakwaruza. Akauliza kama maharage yameshapandwa. Nikamwambia Alhamisi hakuna aliyelima, na kwa nini. Nikaogopa nimemuumiza.

Kisha akauliza walikuja akina nani. Nikamtajia mmoja mmoja, wote niliowakumbuka.

Akaomba nirudie.