Hodi Katika Nyumba za Mtabila

Murungu, Kibondo

Mjukuu wangu Neema,

Huku hatujambo. Maharage yamekubali, na babu yako bado anagombana na mbuzi wa jirani. Umeniuliza utawaongozaje watu waliokuzidi umri, maana tangu upewe umeneja wanakutazama tu.

Nami nilitazamwa hivyo. Kambi ya wakimbizi ya Mtabila ilipofungwa, mkandarasi mmoja wa Kasulu alinipa usimamizi wa vibarua wa kung'oa milango ya nyumba zilizoachwa. Jua lilikuwa limeshawaka, lakini hata kunguru hakulia. Kwenye nyumba ya kwanza mzee Bukuru, mkubwa wetu sote, alipiga hodi. Kimya. Akapiga tena. Huku kwetu huingii kwa mtu mpaka uitikiwe, basi wote wakaweka nyundo chini, wakanigeukia.

Nilitaka kuwafokea. Halafu nikaona hawanidharau, wanaogopa, na wanataka mtu atangulie. Nikaingia peke yangu. Ndani kulikuwa na baridi, na mekoni majivu yamezolewa vizuri, kama kazi ya asubuhi ile ile. Nilikusudia kugeuka niwaambie karibuni, lakini kabla sijafumbua mdomo nikasikia hatua nyuma yangu.

Wakaingia wote, mmoja mmoja, wamevua kofia.

"Asante kwa kutukaribisha, mama," akasema mzee Bukuru. "Tumekusikia."

Mpaka leo sijamwambia kwamba sikuwa nimesema neno.

Ukija likizo, piga hodi mlangoni, kisha ngoja uhakikishe ni mimi niliyeitika.

Bibi yako,
Anastazia