Sukari Katika Kidonda cha Baba

Mpendwa Mama Mdogo,

Nakuandikia kutoka Mbale. Baba amelazwa. Ni kidonda kilekile cha mguu.

Unakumbuka kambini Mpumudde, baba alipokuwa bado askari wa magereza? Mama yangu alikuwa ameshafariki, baba akakuoa, na wewe ndiye uliyenilea. Kila jioni ulimwosha baba kidonda barazani kwa maji ya chumvi, mimi nimeshika beseni. Yeye alikuwa akinywa maji, jagi zima, kisha anaomba jingine. Ukamtania, "Afande, utamaliza Nile." Tukacheka sote.

Kidonda kikakataa kupona. Baba mkubwa, kaka yake, akaja na mganga. Wakasema umetega dawa mlangoni na baba ameikanyaga. Baba akakufukuza kwa sauti, kambi nzima ikisikia. Ulifunga nguo zako kwenye shuka, ukaniambia tu, "Ule vizuri, mwanangu," ukapanda teksi ya kwenda kwenu Buwenge.

Juzi hapa hospitali, nesi alitoa msumari kwenye unyayo wa baba. Msumari, Mama. Alikuwa akitembea nao na hakusikia maumivu yoyote. Daktari akamtoboa kidole, akatazama kipimo, akanigeukia. "Mzee ana kisukari, tena cha siku nyingi. Hamkujua?" Akanieleza kwamba sukari imeua hisia za miguu na damu haifiki huko vizuri, ndiyo maana kidonda hakiponi. Akauliza kama zamani alikuwa na kiu sana.

Nilikaa chini, pale pale sakafuni. Ugonjwa tulikuwa nao barazani, tukaucheka, halafu ukafukuzwa wewe.

Baba mkubwa alikuwepo, alisikia yote. Unajua alisema nini? "Sasa hiyo sukari, nani alimwekea?"

Nilidhani baba amelala. Akafungua macho. "Nyamaza, kaka. Mimi nilimfukuza mke wangu bure."

Baba mkubwa alichukua kofia yake akatoka.

Kesho wanamkata mguu chini ya goti. Ameniomba nije Buwenge nikuchukue. Nimemkatalia. Kurudi au kutorudi ni shauri lako, na hakuna atakayekuuliza sababu. Nimemwambia kwamba akipona tutakuja wawili, na atakuomba msamaha mbele ya majirani zako, kwa sauti ileile aliyokufukuzia.

Amekubali.

Ubaki na amani mpaka tutakapobisha hodi,
Binti yako uliyemlea