Daftari la Jiweni

Alhamisi, 7 Agosti
Madaftari ya darasa la tano. Nimeyasoma yote, sijatia alama hata moja. Ndiyo sheria ya saa ya hadithi tangu yale mapigano ya wakulima na wafugaji: hakuna wino mwekundu, hakuna kumtaja mtu, andika kwa wanyama. Mwalimu mkuu anasema napoteza chaki. Chaki yenyewe situmii.

Paulina bado haji. Baba yake alichomwa mkuki siku ile ng'ombe walipoingia kwenye mahindi, mwezi uliopita. Nyumba yao iko kwenye metimani: wafiwa hawachangamani na watu, hata maji wanachota peke yao. Padri kahubiri weee, bibi yake hasikii. Mama yake aliniambia kutoka ng'ambo ya njia kuwa mtoto hajasema neno tangu mazishi. Nimeacha daftari juu ya jiwe lililo mpakani mwa shamba lao.

Jumatatu, 11 Agosti
Ameandika! Nusu ukurasa. Ndama kapotea, mama yake analia zizini. Basi. Imekatika hapo.

Nimempa Udagwenda aiendeleze. Walikuwa wakikaa dawati moja. Ni binti wa wafugaji wa bondeni, na baba yake yuko mahabusu Katesh kwa mkuki ule ule. Ulikuwa wa nani hakuna ajuaye, lakini lazima mtu akamatwe. Paulina sikumwambia nani anamwandikia. Nimeona ni busara.

Alhamisi, 14 Agosti
Daftari limekwenda na kurudi mara mbili. Kwa Udagwenda, ndama anatafutwa kwa kuwauliza ng'ombe wengine: kwanza yule mwekundu mwenye doa usoni, kisha wa pembe iliyopinda, kisha wa kijivu mwenye tumbo jeupe. Anawajua ng'ombe mmoja mmoja, kama ninavyowajua watoto wa darasa langu.

Mama Paulina leo alipaza sauti: "Mwalimu, mtoto ameomba penseli! Kwa mdomo wake!"

Nilirudi nyumbani najisifu. Mjinga mimi.

Jumanne, 19 Agosti
Wamechoma maboma ya bondeni. Watu wetu. Watu wa kwaya.

Kaka yangu kaja asubuhi, shati linanuka moshi. "Usiniulize, dada." Sikumuuliza. Nikamsongea ugali.

Jumatano, 20 Agosti
Nafasi ya Udagwenda tupu. Wanasema wameondoka na mifugo iliyobaki, wameelekea Singida. Ofisa kaja na gari, katusomea barua ya amani. Juu imeandikwa Mkoa wa Manyara, muhuri bado wa Arusha. Watoto wakapiga makofi kwa sababu waliambiwa wapige.

Ijumaa, 22 Agosti
Kila asubuhi Paulina anatoka kuangalia jiwe. Mama yake ndiye kaniambia. Na daftari liko kwangu tangu Jumatatu. Nimwambie nini? Kwamba tumemfukuza mwenzake? Kwamba kaka yangu alikuwemo? Na akinyamaza tena?

Nimeandika mwenyewe. Kwa penseli, herufi nikazilaza kushoto kama za Udagwenda. Ng'ombe kumi na wawili walirudi jioni, na wa kumi na tatu alikuwa ndama. Mwisho mzuri.

Nimeogopa. Hakuna sababu nyingine.

Jumatatu, 25 Agosti
Jibu la Paulina, lote hili hapa:

"Mwalimu, huyu siye Udagwenda. Yeye hahesabu ng'ombe, kwao ni mwiko. Yuko wapi?"

Alijua tangu siku ya kwanza. Atakosaje kuujua mwandiko wake, wamekaa dawati moja tangu darasa la kwanza? Binti ambaye baba yake aliuawa alikuwa akimwandikia binti wa mshtakiwa, akijua kabisa. Mimi mtu mzima, mwalimu, nikaja kughushi katikati yao. Leo nimeona aibu hata kuita majina darasani.

Jumanne, 26 Agosti
Nimeufuta ukurasa wangu mpaka karatasi ikatoboka. Nyuma yake nimeandika yaliyotokea. Maboma yamechomwa. Tuliochoma ni sisi. Kaka yangu alikuwemo, nami nilimpa chakula nikanyamaza. Udagwenda ameondoka na mama yake, sijui wamefika wapi. Sikutumia mnyama yeyote. Sheria yangu nimeivunja mwenyewe.

Nilipoliweka jiweni bibi yake alikuwa mlangoni. Nikamwamkia shikamoo kutoka njiani. Hakuitika.

Jumatano, 27 Agosti
Daftari limechukuliwa. Jiwe tupu.

Alhamisi, 28 Agosti
Tupu. Saa ya hadithi niliwaacha wachore.

Kaka amejua nilichoandika. Nilimwambia mwenyewe. Hajala kwangu tangu jana.

Jumatatu, 1 Septemba
Daftari limerudi. Mama Paulina alisimama mbali, sauti ndogo: "Hajasema tena, Mwalimu. Tangu Jumanne." Nilimwambia pole.

Nimelifungulia pale pale njiani. Baada ya ukurasa wangu ameruka ukurasa mzima. Juu, pembeni kabisa, ameandika: wa Udagwenda. Chini yake hakuna kitu. Kisha upande wa pili ameendelea. Mama wa ndama bado yuko zizini. Halii sasa. Anasikiliza.

Nimelirudisha jiweni kama lilivyo. Kulikuwa na upepo, nikaweka kokoto juu yake.