Mpira wa Kifuniko

Jumatatu, 4 Machi

Tumbo tena. Mara ya nne ndani ya mwezi mmoja. Nimepita zahanati kabla ya kazi. Daktari, dada mmoja mwenye haraka zake, kaniminya huku, kaniminya kule, kaniandikia dawa, kasema ninunue daftari niwe naandika kila ninachokula. Nikamuuliza kama atakuja kulisoma. Akacheka! Daftari ni langu, nijisomee mwenyewe, nikirudi nimpe muhtasari tu.

Basi, hili hapa. Asubuhi: chai, mkate. Mchana: maharage ya mama mkwe, nilifungiwa toka nyumbani.

Mama mkwe ana wiki tano tangu aje kukaa na sisi. Naandika tarehe tu. Sisemi kitu.

Jumatano, 6 Machi

Wali. Mchuzi wa mama mkwe. Mboga za majani za mama mkwe. Saa tisa nikakimbilia msalani na kumwacha mteja kwenye kiti, fremu inaning'inia sikio moja.

Mimi ni fundi miwani. Kazi inataka mikono iliyotulia, na mikono kumbe hulitegemea tumbo — hili chuoni hawakutuambia. Lenzi mbili nimezikata vibaya. Bosi kazitazama, kazitia kwenye droo, hakusema neno. Afadhali angefoka.

Nimekaa nikafikiri. Mama mkwe macho yake si mazuri. Miwani nilimtengenezea kwa mikono yangu, lakini jikoni haivai, eti inaingia mvuke. Mtu asiyeona uzi kwenye sindano ataonaje mchanga kwenye mboga? Nauliza tu.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeanza kula vya nje. Nyumbani nimesema sina hamu ya chakula. Leo: mkate mkavu, ndizi mbili nilizomenya mwenyewe, maji chupa tatu. Maji nachemsha kwa mkono wangu na kujaza kwenye chupa yangu ya chuma, ile niliyopewa kazini mwaka jana. Hapo sina wasiwasi.

Saa kumi — tumbo!

Itakuwa ni mabaki ya mchuzi wa juzi.

Jumapili, 10 Machi

Mapumziko. Chupa nimeisahau kazini tena, nimekunywa maji kwa bilauri kama watu wengine. Tumbo kimya siku nzima. Nimepata jibu: ni kwa sababu nakula kidogo.

Mezani mama kaniuliza, mwanangu, mbona unadonoadonoa kama kuku mgonjwa? Nikasema uchovu wa kazi. Mke wangu kanikanyaga mguu chini ya meza. Si kwa mapenzi.

Jumatatu, 11 Machi

Nimeliacha daftari mezani. Mezani!

Nimerudi jioni, nyumba imepoa. Chumba cha mama kimefagiwa, shuka zimekunjwa, sanduku halipo. Amekwenda kwa shemeji, kaka yake mke wangu. Kwa nini ghafla hivyo? Mke wangu akasema, "Si ujisomee mwenyewe?" akanisukumia daftari.

Chini ya maneno ya Jumatano kuna mstari wa penseli, herufi kubwa, zimesimama wima kama wanafunzi mstarini:

VYOTE HIVI NIMEKULA NA MIMI. MBONA SIUMWI?

Nimeusoma mara nyingi. Nimetafuta pa kuupinga, sijapaona. Mke wangu naye anakula vyote hivyo, na ni mzima kama ngoma.

"Umemwandika mama yangu kama unaandika panya," kasema.

Jumanne, 12 Machi

Niandike taratibu, maana mambo ni mengi.

Nimerudi kwa daktari. Nikampa muhtasari: chakula cha mama mkwe, chakula cha mama mkwe, mkate. Akauliza wengine nyumbani wanaendeleaje. Wazima. Akauliza maji. Nikainua chupa, kwa fahari kabisa, nikasema nachemsha mwenyewe.

"Chupa unaiosha vipi?"

"Naisuuza. Kila siku."

"Kwa sabuni?"

Nikaangalia chati ya chanjo ukutani.

"Kwani ina nini, daktari? Humo huwa naweka maji tu."

Akasema mdomo wangu je, mikono yangu je. Akauliza kama sijawahi kuweka kitu kingine. Nikakumbuka juisi ya Januari. Na maziwa, mara moja. Siku ya Jumapili, tumbo liliponyamaza, chupa ilikuwa wapi? Kazini, ina maji nusu, imefungwa. Wikiendi zote? Wikiendi zote.

"Huu mpira wa kifuniko umewahi kuutoa?"

Nikamwambia huo hautoki, ndivyo ulivyotengenezwa. Akachukua ncha ya kalamu, akaukwanyua. Umetoka.

Sikutaka kuona lakini nimeona. Harufu nayo — kama kitambaa cha kudekia kilichosahaulika kwenye ndoo. Daktari akafungua dirisha. Akasema hawezi kuapa kuwa ndiyo iliyoniumiza, lakini niioshe sawasawa, niache kuusingizia mchuzi wa mama mkwe, tuone.

Kazini nikauweka ule mpira chini ya lenzi ya kukuzia, ile ninayotafutia mikwaruzo. Ute mweusi mzunguko mzima, una manyoya. Mrija wa kunywea nao ndani umeota ukijani. Miezi minane nimekuwa nikiweka kitu hicho mdomoni! Bosi akaja, akainama kwenye lenzi, akakaa hapo muda. Akasema, "Na wewe ndiye unayewafundisha wateja kufuta vioo." Angalau kasema.

Nyumbani nimeifungua chupa yote: kifuniko, mpira, mrija. Maji ya moto, sabuni, brashi ya mpini mrefu kwa ndani, brashi nyembamba kwa mrija. Mpira nimeuloweka kwenye siki nusu saa. Nimesuuza, nimevianika juu ya kitambaa safi, kila kimoja peke yake, bila kufunga. Mke wangu kapita mara mbili. Mara ya pili kapunguza mwendo.

Ijumaa, 15 Machi

Siku ya tatu naosha kila jioni. Tumbo halina habari. Nimekula maharage makusudi. Hakuna kitu!

Nikamwomba mke wangu ampigie mama simu, amweleze. Kasema, "Mimi ndiye niliyeandika?"

Jumamosi, 16 Machi

Naandika nikiwa barazani kwa shemeji, nimekalia kigoda, mikono imekunjamana kwa maji.

Nimefika saa nne. Shikamoo mama. Marahaba. Akageuka, akarudi jikoni. Nikamfuata. Maneno nilikuwa nimeyaandaa njia nzima, nikaanza, "Mama, lile tumbo langu..."

"Chupa iko wapi?"

Kumbe binti yake alishapiga simu. Nikaitoa. Akaifungua, akaukwanyua mpira kwa ukucha kana kwamba ndiyo kazi yake ya siku zote, akanusa. Akanusa tena.

"Nani kakufundisha kuosha?"

"Daktari."

"Si mbaya," akasema. Kisha akanisogezea beseni la vyombo vya asubuhi. "Mimi sioni vizuri. Osha wewe."

Nikakunja mikono ya shati. Vikombe sita, sahani tano. Shemeji akaingia, akanikuta na povu hadi kwenye viwiko, akageuka na kutoka kama mtu aliyekumbuka shughuli. Mama akapokea kikombe kimoja kimoja, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha kidole ndani. Viwili akavirudisha.

Nikamuuliza, "Mama, utarudi nyumbani?"

"Kwanza maliza."

Neno samahani bado sijalitoa. Kila nikifungua mdomo ananipa chombo. Sasa nimepumzishwa, vyombo vinajikausha. Nasikia huko ndani anakwangua kitu kikubwa, cha chuma, kilichoungua.

Ananiita.