Uzito Unaoongea

Jumamosi, 5 Julai

Nimemshinda Cosmas tena! Barabara ileile ya vumbi, kwenye shamba la zamani la mkonge. Mimi na Vitz yangu, yeye na Corolla yake. Akashuka, akajifuta jasho, akawatangazia watu kwamba mimi Loveth sina ufundi wowote, ni mwepesi tu. Hata kuku ungemweka kwenye usukani angeshinda. Watu wakacheka. Nami nikacheka — kisha nikarudi saluni nikamchoma mteja sikio kwa pasi ya nywele.

Jumatatu, 7 Julai (Saba Saba)

Kikao cha klabu yetu ya mbio za magari, nyuma ya bucha la Cosmas. Mwenyekiti ni yeye, nyama choma ni yake, kwa hiyo hoja zake hazipingwi. Kanuni mpya: madereva wote wapimwe, na aliye mwepesi aongeze uzito garini mpaka amfikie aliye mzito kuliko wote. Eti ndiyo haki. Na aliye mzito kuliko wote ni nani? Mwenyekiti. Nikauliza kwa nini yeye asipunguze kitambi. Kikao kikafungwa.

Tukapimwa kwenye mizani ya mashine ya mpunga. Ili nimfikie Cosmas nahitaji mtu mzima mwingine. Mnene.

Alhamisi, 10 Julai

Nimejaribu viroba vya mchanga. Kimoja kikapasuka kwenye kona. Mchanga mpaka kwenye meno.

Shangazi Tumwagile, dada yake baba, alikuwa saluni anasubiri kusukwa. Akauliza mchanga ni wa nini. Nikamweleza yote, na ya kuku pia.

"Kanuni imesema mchanga, au imesema uzito?"

Uzito, nikamwambia.

"Basi toa huo uchafu, niingie mimi."

Jumamosi, 12 Julai

Mazoezi. Shangazi kiti cha mbele, mkanda umefika kwa shida. Miaka yote ameongoza kwaya, sauti anayo — na macho kumbe anayo! Shimo kushoto. Mbuzi. Punguza. Sasa kanyaga, mwanangu, kanyaga. Tulimwacha Cosmas anakohoa vumbi.

Salome, mkewe, kaninong'oneza: tangu kanuni ipite mumewe anakula ugali mara mbili, ili sisi tuzidi kubeba. Matokeo yake gari lake limelala upande wa dereva.

Jumapili, 13 Julai

Kikao cha dharura, watu bado na nguo za kanisani. Cosmas anasema uzito unaoongea si uzito tena, ni msaidizi. Wakabishana mpaka jua likawaka. Je, kukohoa ni kuongea? Na kuguna? Mwishowe wakapiga kura: kukohoa ruksa, kupiga chafya ruksa. Lakini uzito ukitamka neno hata moja ndani ya gari, gari linatolewa kwenye mashindano ya Mikumi Jumamosi.

Shangazi akakubali bila ubishi. Hapo ndipo nilipoogopa.

Jumamosi, 19 Julai. Mikumi

Naandikia juu ya usukani. Tuko kwenye mstari, ila nyani wamekaa katikati ya njia na vijana wa Mikumi wanawafukuza. Mwamuzi ni Yared, mtu wa hapahapa, hacheki. Ametusomea kanuni ya uzito mara mbili, akimtazama Shangazi. Shangazi kimya tangu tutoke nyumbani Kilosa. Njia nzima! Jasho linamtoka kwa maneno aliyoyameza.

Cosmas anakuja. Amevua helmeti. Anataka nini?

Loo. Ameinama dirishani kwetu, mpole kama anaposa. Mtu ambaye hajawahi kumwamkia Shangazi hata msibani!

"Shikamoo, shangazi."

Yared amesogea, ametega sikio. Akijibu, tumetoka. Asipojibu — Shangazi Tumwagile? Asiitikie shikamoo mbele za watu? Namkonyeza akohoe. Hanitazami. Cosmas amerudia, kwa sauti zaidi. Watazamaji wote wanasubiri marahaba.

Njia imekuwa wazi. Yared anainua bendera. Shangazi amefungua mkanda. Amefungua mlango. Kumbe! Kanuni imesema ndani ya gari. Mguu mmoja uko nje, sasa wa pili, gari limeinuka upande wake, anavuta pumzi kama anayeanzisha wimbo —