Mutoto anangojea jina

Likasi, siku ya yenga mchana, kisha misa

Papa Barthélemy mupendwa,

Huku tuko wazima. Umwambie Mama unga yake ya muhogo ilifika, tulikula vizuri.

Mutoto ameanza kukaa peke yake. Nywele yake inalala kama ya baba yake, yule Muchina wa mugodi aliyerudi kwao bila kuaga. Lakini akikasirika, ni uso yako kabisa, Papa.

Kwetu babu ndiye anatoa jina ya mutoto wa kwanza, na weye ungali unanyamaza. Kwa sababu hana jina, kwenye bomba ya maji wananiita Mama Chinois, mama ya Muchina. Jirani yangu Noëlla naye alizaa na Mbelgiji, lakini yeye wanamuita madame. Jana mumoja aliniuliza: "Mama Chinois, huyu atakula na vijiti?" Wote wakacheka. Nikamujibu: "Atakula bukari ya muhogo na mukono, kama babu yake."

Papa, tukiwa sisi wawili tu, minye namuita Barthélemy. Kama hautaki achukue jina yako, uniambie upesi, kwani ameanza kuitika.

Binti yako anayekupenda,
Jaël