Nataka Kuvutwa Ngozi ya Uso Kabla ya Kwenda Ukweni

Kwako Mama Mshauri, nisaidie kabla sijauza ng'ombe.

Mimi ni dereva wa lori, mtu wa Itiryo, Mkristo, mke wangu alifariki na watoto wana miji yao, na tangu hapo nyumba imekuwa kimya mno hata nikisonga ugali naongea na sufuria, basi mwaka jana nikawa napeleka dawa na magodoro kwenye zahanati moja upande wa Mugumu na huko nikamkuta Philomena, mkunga, ana maringo kidogo lakini moyo wake mzuri, akawa ananichekea kila nikishusha mzigo, siku moja akaniuliza umri wangu na mimi, Mama, shetani akanishika ulimi, nikasema mimi ni rika moja na kaka zake. Akanitazama akasema, "Mbona umechakaa hivyo?" Nikamjibu ni vumbi la barabara.

Tukapendana, hilo silifichi, ila juzi nilimpakia kwenda Tarime sokoni, tunazungumza mambo ya mahari, ndipo akanitajia baba yake, kumbe ni Heche, nusura lori liingie mtaroni, kwa sababu huyo Heche tulitahiriwa msimu mmoja, siku moja, yeye mbele mimi nyuma yake, na kwetu Wakurya binti wa mwenzako wa rika ni binti yako, humwoi hata ulete zizi zima. Sikumwambia lolote. Sijaonana na Heche tangu ujana wetu, nilipoondoka kutafuta kazi, na Philomena anataka nifike kwao mavuno ya ulezi yakiisha.

Sasa nimepata akili. Kuna mama wa Kizungu, mke wa bwana mkubwa wa mgodi wa dhahabu, nilimpeleka Nairobi kwa gari lao mashavu yamelegea nikamrudisha kichwa kizima kimefungwa vitambaa, nikadhani kapigwa na mumewe, lakini vilipofunguliwa, lo, alikuwa amewambwa kama ngoma! Mpishi wao anasema daktari hukata kando ya sikio, akavuta ngozi, akaishona. Nimeona niuze ng'ombe niliowaweka kwa ajili ya mahari nikavutwe na mimi, ili Heche anione kijana, asinitambue, anipe binti. Niambie niyajue mambo gani kabla sijalala kwenye meza ya daktari, na je, ndevu zitaendelea kuota mahali pake? Upara hauna shida, nimeuzoea.

Athanas wa Lori, Itiryo

JIBU

Wewe Athanas wewe! Nimecheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Halafu nikakuhurumia, maana mtu anayeongea na sufuria ana upweke wa kweli. Huruma yangu inaishia hapo.

Umeuliza habari za kisu, basi tuanze na kisu, nami nimemwuliza daktari ninayemfahamu. Utapigwa nusu kaputi, na wapo waliolala wasiamke, kwa hiyo upimwe moyo na damu kwanza. Utavimba na kuvilia damu kwa majuma, hata nyama hutatafuna. Mshipa wa fahamu ukiguswa, mdomo unaweza kwenda upande na kubaki huko huko. Tena wengi wetu ngozi zetu hutoa makovu yaliyotuna: hebu lichunguze kovu lolote ulilo nalo mwilini, kama limetuna, na la usoni huenda likatuna vile vile. Mwulize huyo daktari, kama atakupokea, amekwisha kuwashona watu wangapi wa rangi yako, na ukiona anatazama dirishani, chukua kofia yako utoke. Yule mama wa Kizungu kovu lake limejificha ndani ya nywele. Wewe na upara wako utalificha wapi, bwana? Na ndevu, ndiyo, zitahama. Ngozi ya shavu ikivutwa kwenda sikioni huenda nazo, utajikuta unanyoa nyuma ya sikio.

Mikono daktari hatavuta, wala magoti. Utaingia kwa Heche na uso wa kijana, halafu ukitaka kuinuka kwenye kigoda unashika kiuno na kuguna. Na hao ng'ombe je? Unauza ng'ombe wa mahari ili upate uso wa kuposea! Ukifika ukweni utaposa na nini, na shavu?

Basi, mzaha umekwisha, nisikilize. Mimi nimeolewa Tarime na nimezaa huko, nawajua. Mgeni hajakaa vizuri ameshaulizwa ukoo wake na rika lake. Ukitaja rika la vijana, ataitwa kijana wa rika hilo aseme siku ile ya tohara ulisimama wapi. Na mtu mliyesimama naye mkingoja kisu, wote mnaogopa kulia, atakujua kwa kikohozi tu ukiwa bado nje ya boma. Hapo hutaaibika peke yako. Philomena, mkunga anayezalisha wake za watu, atasemwa maisha yake yote kwamba alitaka kuolewa na baba yake. Hilo ulilifikiria, au ulifikiria mashavu yako tu?

Usiende Nairobi. Nenda Mugumu wiki hii hii umwambie Philomena kwa mdomo wako, mchana, mkiwa mmekaa chini, si huku umeshika usukani. Atalia, na akikutukana nyamaza, umeyataka mwenyewe. Kisha umwendee Heche na mtungi wa pombe, mkae mnywe kwa mirija, umweleze jinsi ulivyopotea bila kujua, na jinsi ulivyojua ukakaa kimya. Atakasirika, lakini ni mwenzako, hatakufukuza. Wajane wa umri wako wapo tele huko Itiryo, anza kuwaamkia.

Na siku hiyo mkiwa mmekaa, Philomena anaweza kutoka jikoni na kibuyu cha maziwa, maana ni binti wa pale na wewe ni mgeni wa baba yake. Atakiweka mbele yako, atainamisha kichwa, atakuamkia kama binti anavyomwamkia baba: "Shikamoo." Utatamani ardhi ipasuke. Itikia marahaba.